Kunguru Hafugiki, Tumbusi Je?

Mchungaji wa Meatu, mkoani Simiyu, aliyepotelewa na ng'ombe haanzi na ardhi. Ardhi ya kiangazi, Septemba ikishakausha hata jani la mwisho, imekanyagwa na kwato nyingi mno hata nyayo za ng'ombe mmoja hazisemi kitu. Huanza na mbingu. Anakinga macho kwa kiganja, anageuka polepole, akitafuta vidoa vyeusi vinavyozunguka bila kupiga mbawa. Akiviona viko juu sana, vimetawanyika, matumaini bado yapo. Akiviona vinashuka kimoja baada ya kingine, miguu ikining'inia, hana haja tena ya kukimbia. Anakwenda kuchukua ngozi, kama imesalia.

Kamusi humwita ndege huyo tumbusi. Mitaani Bariadi, kama ilivyo sehemu kubwa ya bara, wengi husema tai tu, wakimchanganya na yule tai wa kweli anayewinda kwa makucha yake mwenyewe na ambaye mataifa humchora kwenye nembo na sarafu. Heshima hiyo tumbusi huipata kwa nadra sana. Yeye ana shingo tupu kama ya kuku aliyenyonyolewa nusu, ana harufu ya alichokila jana, na kazi yake huanza pale ambapo watu wameziba pua. Hata hivyo mchungaji huyo, ambaye hajawahi kumgusa wala kumpa jina, humtegemea kuliko anavyomtegemea mbwa wake katika jambo hili moja.

Upande wa pili wa dunia, wapo waliotamani kumgusa na kumpa jina. Katika mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004 na kuchezwa na mamilioni ya watu, mchezaji anayechagua kuwa mwindaji anaweza kumteka ndege mla mizoga akamfanya mwenzi wake wa safari. Ndege humfuata bwana wake milimani na mabondeni, humpigania, huitwa kwa jina na akaitika. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huo alihitaji hata kulishwa: akikosa nyama furaha yake hushuka, na akipuuzwa mno humtoroka mwenyewe. Wabunifu wa mchezo waliona jambo moja sawasawa, kwamba binadamu angependa kuwa na mwandani asiyeogopa kifo. Jingine walilitia chumvi. Walidhani mwandani huyo angekubali kuwa wa mtu.

Kunguru hafugiki, husema Waswahili, na kwa kawaida msemo huo haumhusu kunguru hata kidogo. Husemwa kuhusu mpenzi aliyelishwa, akavishwa, akapangishiwa chumba, kisha siku moja akaonekana anakula kwa jirani. Lakini kabla haujawa wa mapenzi ulikuwa wa ndege, na aliyeutoa alikuwa amemtazama vizuri. Kunguru huishi na watu, hula walichotupa, hujua saa ya kufungwa soko na saa ya watoto kutoka shule. Ni jirani wa kudumu. Kufugwa ndiko asikotaka.

Kinachoshangaza ni kwamba hadithi za kale, zilizotungwa na watu walioishi karibu na ndege hawa, hazikufanya kosa la wabunifu wa mchezo. Katika Kurani, Kabil alipomuua nduguye hakujua aufanye nini mwili. Kunguru ndiye aliyetumwa kufukua ardhi mbele yake, na muuaji akajifunza kuzika kwa kumtazama ndege. Katika Biblia, Eliya alipojificha kwenye kijito cha Kerithi, kunguru walimletea mkate na nyama. Na katika safina ya Nuhu, wa kwanza kutolewa dirishani alikuwa kunguru, aliyekwenda akizunguka huku na huko. Sifa zote zikaja kuchukuliwa na njiwa aliyerudi na jani. Mara tatu ndege mla mizoga anatumwa katika jambo zito la wanadamu, na hata mara moja hatuambiwi kwamba alifungwa kamba mguuni. Alifanya kazi akaondoka.

Alfu Lela U Lela inakaribia zaidi. Katika safari yake ya pili Sindbadi anajikuta ndani ya bonde lililojaa almasi na nyoka, mahali ambapo mtu hawezi kushuka akapanda tena. Wafanyabiashara wamebuni njia: huchinja kondoo, huitupa nyama bondeni, almasi hunata kwenye nyama, na ndege wakubwa huinyakua na kupanda nayo hadi juu. Huko juu wenye mali wanangoja. Wanapiga kelele, ndege wanaruka, nao wanabandua mawe. Sindbadi anajifunga kwenye pande la nyama na kuokoka kwa mabawa ya ndege asiyemjua wala kumjali. Hadithi ni ya uongo mtupu, almasi hazinati hivyo. Lakini mbinu iliyomo, ya kumtazama ndege anaelekea wapi na nyama kisha kumtimua kwa kelele, si ya uongo hata kidogo. Inafanyika mwendo wa siku chache kutoka Bariadi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega iliyokuwa sehemu ya Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Nchini hujulikana kwanza kwa pamba, pili kwa ng'ombe, na kwa waliobahatika kuhudhuria, kwa Nane Nane zilizofanyika viwanja vya Nyakabindi. Upande wa mashariki mashamba ya pamba yanaishia kwenye Pori la Akiba Maswa, na baada ya Maswa ni Serengeti. Upande wa kusini mashariki Meatu inashuka kuelekea Mto Sibiti na Ziwa Eyasi. Huko, katikati ya wafugaji na wakulima, wako Wahadzabe, ambao pia huitwa Watindiga, watu wanaoishi kwa upinde, mizizi, matunda na asali.

Mwaka 1988 watafiti watatu, James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones, walichapisha matokeo ya kukaa na Wahadzabe wa eneo la Eyasi. Walitaka kujua jambo ambalo wataalamu wa chimbuko la binadamu walikuwa wakibishania: je, mtu anaweza kweli kuishi kwa kunyang'anya mizoga ya simba? Walichokiona ni kwamba Wahadzabe huzipa sauti za usiku uzito ule ule ambao mtu wa mjini huipa taarifa ya habari. Simba wakinguruma, fisi wakicheka, asubuhi wanaume huelekea huko. Mchana habari huletwa na tumbusi. Ndege wakionekana wanashuka mahali, watu huacha walichokuwa wakifanya, huokota pinde na kukimbia, kwa sababu kila dakika inayopita nyama inapungua. Wakimkuta simba bado yupo, humfukuza, wakati mwingine kwa mishale. Sehemu isiyo ndogo ya nyama ya wanyama wakubwa iliyoingia kambini kipindi hicho ilipatikana kwa njia hiyo.

Hapo pana urafiki wa namna gani? Tumbusi hamwiti Mhadzabe. Kama angeweza kumficha, angemficha, maana anayekuja anamnyang'anya. Mhadzabe naye hamlishi tumbusi, ingawa matumbo na mifupa vinavyoachwa chini ya mti humfikia. Hakuna mapatano wala shukrani. Wanafahamiana tu, kwa ufahamu wa muda mrefu sana, pengine mrefu kuliko ule wa mtu na mbwa.

Wahadzabe wana ndege mwingine, na kwa huyu uhusiano ni mtamu zaidi kwa maana zote mbili za neno. Ni ndege kiongozi wa asali, mdogo, wa rangi ya vumbi, asiyevutia macho. Yeye hula nta. Nta iko ndani ya mzinga, mzinga umo ndani ya mbuyu, na nyuki wanaouma wako mlangoni. Kwa hiyo humwendea mtu, hupiga kelele kama ya kiberiti kinachotikiswa ndani ya kisanduku chake, huruka mti hadi mti, husubiri, hurudi akiona mtu amechelewa. Mtu huleta moto, moshi na shoka. Asali yake mtu, nta ya ndege. Kwa hesabu hiyo naye ni mla masalia, tofauti na tumbusi kwa kuwa hutangulia mbele badala ya kufuata nyuma.

Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili kwa Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na kuchapisha mwaka 2016: mtu anayetoa mlio maalumu wa Wayao ana nafasi ya takriban theluthi mbili ya kuongozwa na ndege, ilhali anayetoa sauti nyingine nafasi yake ni theluthi moja. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood, aliyeishi na Wahadzabe kwa miaka mingi, walilinganisha pande mbili. Wayao hutoa mguno wa kutetemesha ulimi, Wahadzabe hupiga mluzi. Ndege wa Niassa waliitikia zaidi mguno, ndege wa upande wa Eyasi wakaitikia zaidi mluzi, zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa wageni. Ndege wa porini, asiyefugwa na yeyote, amejifunza lugha ya wenyeji wake.

Msomaji anaweza kuyeyuka kwa furaha hapa, lakini Wood aliona pia jambo linaloharibu picha. Wayao, wakishavuna, humwekea ndege nta juu ya majani kama malipo. Wahadzabe mara nyingi hawamlipi. Huichoma nta iliyobaki, au huifukia, au huificha, ili ndege asishibe na aendelee kuongoza kwenye mzinga mwingine. Ni tabia ya mwajiri anayechelewesha mshahara ili kibarua arudi kesho. Wapo watakaochukia. Lakini anayemwita ndege huyu rafiki wa binadamu lazima aimeze pia habari hii, kwamba mmoja wa marafiki hao huwekwa na njaa makusudi, na bado huja.

Simiyu yenyewe, ile ya Wasukuma, ina historia ndefu ya kuishi na wanyama ambao wengine huwakimbia. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, kila baada ya mavuno, kila kimoja kikitafuta la kuwavuta watazamaji kutoka kwa mwenzake. Bayeye hucheza na nyoka, chatu akiwa mabegani, na ni wao hao wanaojua dawa za kuumwa na nyoka. Banunguli walianza kama wachimbaji wa nungunungu, mnyama anayekula mazao, na ujuzi wa kuingia shimoni ukageuka ngoma. Utaratibu ni ule ule: mnyama wa hatari hujifunzwa kwa miaka, hupatiwa chama chake, nyimbo zake, walimu wake na wanafunzi wake. Anayetaka kuona vifaa vya ngoma hizo atavikuta Bujora, karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padri David Clement.

Chatu alipata mabega ya kukalia. Tumbusi hana ngoma iliyopata umaarufu huo, na mtu akifikiri kidogo ataona kwa nini. Nyoka hukamatwa, nungunungu hufukuliwa. Tumbusi hana shimo. Mtu humpata tu pale alipopoteza kitu.

Basi ni nani huyu? Tuanze na pua yake, maana hadithi nyingi hukosea hapo. Watu wengi huamini kwamba tumbusi hunusa mzoga kutoka mbali. Wapo wa Amerika wanaoweza. Wa kwetu hawawezi, huona. Tena hawatazami ardhi peke yake, hutazamana. Kila mmoja amejitandaza angani umbali fulani na mwenzake, jicho moja chini, jicho jingine kwa jirani. Mmoja akishuka, wa jirani anaona na kumfuata, naye anaonekana na wa tatu, hadi anga la wilaya nzima linajikunja kuelekea kwenye mzoga mmoja. Mchungaji wa Meatu aliyekinga macho kwa kiganja amejiunga tu na mtandao huo, akiwa wa mwisho na aliye chini kuliko wote.

Wakishatua, kila mmoja ana kazi yake. Yule mkubwa kupita wote, mwenye mikunjo ya ngozi nyekundu usoni na mdomo kama koleo, ndiye anayeweza kupasua ngozi ngumu. Hao wa mgongo mweupe na wale wa Rüppell huingiza shingo ndefu ndani kabisa, na hapo ndipo upara wao unapoeleweka: manyoya yangelowa damu. Wadogo, yule wa kofia ya manyoya na yule mweupe wa Misri, huokota vipande pembeni. Korongo mfuko-shingo, lile jitu la Mwanza linalosimama karibu na wauza samaki kama karani aliyestaafu, mdomo wake hauwezi kuchana nyama. Husubiri wengine wachane kisha akapora. Huyo mweupe wa Misri si wa kudharauliwa. Mwaka 1966 Jane Goodall na Hugo van Lawick walitangaza kwamba walimwona kaskazini mwa Tanzania akiokota jiwe kwa mdomo na kulirusha juu ya yai la mbuni hadi likapasuka, na wanyama wanaotumia zana walikuwa bado orodha fupi sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Houston, Mwingereza aliyewafuatilia tumbusi wa Serengeti, aligundua kwamba hawaishi kwa makombo ya simba kama ilivyodhaniwa. Chakula chao kikubwa ni wanyama waliokufa wenyewe, kwa maradhi, njaa na uchovu wa safari, hasa nyumbu. Nyumbu husafiri, tumbusi husafiri nao, na mzazi mwenye kinda kwenye majabali ya Gol huweza kuruka zaidi ya kilometa 100 kutafuta chakula kisha akarudi. Houston alikadiria kwamba ndege hao hula nyama nyingi kuliko simba, fisi, chui na wala nyama wengine wote wa Serengeti wakijumlishwa. Kwa hiyo kila picha ya utalii yenye simba katikati imempa utawala asiyestahili.

Tindikali ya tumbo lake ni kali kiasi kwamba nyama yenye kimeta, ambayo ingemuua mchinjaji na familia yake, yeye huila bila kuugua. Na kuhusu kupaa: tarehe 29 Novemba 1973, juu ya Abidjan nchini Kodivaa, ndege ya abiria iligongana na tumbusi wa Rüppell ikiwa mita 11,300 kutoka usawa wa bahari. Manyoya yaliyokutwa yalitosha kumtambua. Ni karibu mara mbili ya urefu wa Kilimanjaro.

Mara moja katika historia ya Afrika Mashariki serikali iliamua kumwajiri rasmi ndege mla taka. Ilikuwa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1890, mji ukinuka. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa kutoka Bombay wasafishe mitaa. Walisafisha, kwa muda. Kisha walizaana, wakavuka bahari, wakateka Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, wakala mayai na makinda ya ndege wa asili, wakanyakua vifaranga uani mwa watu. Sumu na mitego vimetumika dhidi yao Zanzibar na Dar es Salaam, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza nia ya kuwaua kunguru milioni moja. Ndege yule yule aliyekuja na barua ya ajira sasa ana hati ya kifo. Kosa si lake. Aliitwa kama mtumishi na watu wasiouzingatia msemo wa Waswahili kuhusu kufugika.

Kwa tumbusi kosa limekwenda upande mwingine. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu alipoanza kupungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Darcy Ogada pamoja na wenzake ulionesha kwamba jamii nane za tumbusi wa Afrika zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika takriban miaka 30. Mwaka mmoja kabla, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikuwa limewapandisha jamii nne, wakiwemo wa mgongo mweupe na wa Rüppell, hadi daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Ni daraja moja na faru mweusi. Faru ana walinzi wenye bunduki.

Kinachowaua zaidi ni sumu, na mara nyingi haikukusudiwa wao. Fisi ameingia zizini usiku, amechukua mbuzi, amebakiza nusu. Mwenye mbuzi, kwa hasira inayoeleweka kabisa, hunyunyizia dawa ya wadudu juu ya masalia ili fisi akirudi asirudi tena. Dawa kama kabofurani zimetumika hivyo mahali pengi Afrika Mashariki. Asubuhi fisi mmoja amelala chini, au hata hayupo, na kandokando yake tumbusi 30 au 50, kwa sababu mtandao wao wa kutazamana, ule uliowalisha kwa karne zote, huwaita wote kwenye sufuria moja. Majangili wa tembo wao hukusudia. Tumbusi wakizunguka juu ya mzoga usio na pembe huwafichulia askari mahali tukio lilipo, kwa hiyo mzoga hutiwa sumu kuziba mdomo wa anga. Botswana, mwaka 2019, mizoga mitatu ya tembo iliua tumbusi 537.

Aina nyingine ya sumu huuzwa kama tiba. Diklofenaki ni dawa ya maumivu ambayo watu huimeza kwa mgongo na magoti. Bara Hindi ilidungwa ng'ombe, na tumbusi aliyekula ng'ombe huyo baada ya kufa aliharibika figo na kufa naye. Ndani ya miaka isiyozidi 15 baadhi ya jamii zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95, kabla dawa hiyo kwa mifugo haijapigwa marufuku mwaka 2006. Mizoga ilibaki. Mbwa koko walizidi, maji yalichafuka. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walikadiria kwamba kukosekana kwa ndege hao kuliongeza vifo vya watu takriban 500,000 nchini India kati ya 2000 na 2005. Na mwaka 2007 ilibainika kwamba diklofenaki ya mifugo inauzwa Tanzania.

Simiyu ni mkoa wa ng'ombe wengi na wa pamba nyingi. Kwa hiyo ni mkoa wa sindano za mifugo na wa madumu ya dawa ya wadudu, vyote viwili vikiwa ndani ya nyumba moja, umbali wa siku moja ya kuruka kutoka kwenye majabali ambako tumbusi wa Serengeti hulea makinda. Hakuna mtu mbaya katika habari hii ya kijijini. Mkulima anahitaji dawa ya pamba. Mfugaji aliyeliwa mbuzi watano hahitaji mhadhara wa mazingira. Anahitaji zizi linalofunga vizuri na fidia isiyochelewa. Lakini mtu yule yule anayetazama juu kumtafuta ng'ombe wake ndiye mwenye dumu mkononi, na hilo ni gumu kulisema mbele ya wazee bila kuonekana unawatukana.

Pengine neno sahihi si rafiki, wala mnyama wa kufugwa, wala yule mwandani wa kwenye mchezo anayeitwa kwa kubonyeza kitufe. Kiswahili kina neno mwenza, mtu mnayeshiriki kitu kimoja bila lazima ya kupendana, kama wake wenza. Mchungaji na tumbusi wanashiriki ng'ombe mmoja: huyu mpaka pumzi ya mwisho, yule kuanzia hapo. Hawagombani kwa sababu zamu zao hazigongani. Ukewenza wao ni wa amani kuliko mwingi tuujuao.

Basi kwa msomaji mwenye zizi, awe Itilima, Kisesa ya Meatu au Lamadi kando ya ziwa: ng'ombe aliyekufa akiwa bado na dawa ya sindano mwilini afukiwe shimo refu au achomwe, na masalia ya mbuzi wa fisi yasinyunyiziwe kitu. Unayemuua kwa dumu hilo si rahisi kumrudisha. Tumbusi jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa mwaka, na miaka mingine hatagi kabisa.